Isale la Diwani Kiganjani

Jumapili ile Mheshimiwa Emilian aliingia kanisani akiwa diwani wa kawaida wa Kata ya Lemboroni. Alipotoka, kabla hajafika kwenye gari lake, akawa ameshageuka mtu wa kupigiwa vigelegele, na yeye mwenyewe hakujua amekosea wapi.

Wa kwanza kumfuata alikuwa mzee Primus, mwenyekiti wa mfereji wa maji, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa na desturi ya kumsalimia diwani huku akiangalia viatu. Leo alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sasa umekuwa mtu mzima," akamwambia.

Emilian, mwenye miaka hamsini na kitu na kitambi cha kuthibitisha, akashukuru. Wakaja akina mama wa kwaya na majoho yao begani. Mmoja akamwambia kwamba marehemu baba yake, huko aliko, leo amekula akashiba. Katekista naye, mtu asiyetoa sifa hovyo kwa kuogopa zisije zikaisha, akatikisa kichwa taratibu na kusema, "Neema hii, Mheshimiwa. Neema tupu."

Kiongozi makini haulizi kwa nini anapigiwa makofi. Akiuliza, watu wanaweza kugundua kwamba hakuna sababu. Emilian aliufuata msingi huo kwa uaminifu: alitabasamu, akapunga mkono, akasema "Tuko pamoja" kwa kila aliyemkaribia, kisha akajifungia garini kama mwanafunzi aliyepata alama nzuri katika mtihani ambao hakumbuki kuufanya.

Ndani ya gari mkewe, Hilaria, alikuwa anamsubiri. Alimwangalia kama matroni anavyomwangalia mgonjwa ambaye homa yake huanza siku ya mchakamchaka.

"Baba Herieth, ungeniambia mimi kwanza."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba unamwomba Bibi Theopista msamaha. Mimi na wewe tunalala kitanda kimoja, halafu habari nazipata kwenye simu ya mama wa sauti ya pili?"

"Msamaha wa nini?"

Hilaria alimpa simu.

Kwenye kioo alisimama Emilian mwenyewe, ndani ya suti yake ya kaunda ya bluu, mbele ya migomba iliyostawi kuliko mgomba wowote wa Lemboroni. Mikononi alikuwa ameshika jani refu lililofungwa fundo. "Bibi yangu Theopista, shikamoo," alisema yule Emilian wa kwenye simu, kwa sauti ya Emilian, na kikohozi cha Emilian katikati. "Ni mimi mwanao. Nimeyageuza maji ya mfereji yakaingia kwenye mabwawa yangu ya samaki, na migomba yako imekauka. Nimekosa. Nakuletea isale. Siku ya kusafisha mfereji nitayafungua maji kwa mkono wangu."

Kwa faida ya wasiozaliwa mlimani: isale ni mmea wa majani marefu ambao watu wanaupanda kwenye mipaka ya vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, na penye makaburi ya wazee wao. Mtu aliyekosa anachuma jani lake, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Aliyekosewa hana ujanja. Awe amechinjiwa ng'ombe au ameibiwa mke, akiletewa isale anasamehe. Na aliyelitoa naye halirudishi. Lemboroni watu wameshawahi kurudisha mahari, kadi za chama, na bwana harusi mmoja, lakini isale hakuna aliyewahi kulirudisha.

Emilian aliirudia ile video. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba maneno yote yalikuwa ya kweli. Ni msemaji tu ndiye aliyekuwa wa uongo. Maji kweli aliyageuza, usiku wa kiangazi, kwa viroba vya mchanga, ili wageni wanaolala katika nyumba yake ya wageni kabla ya kupanda mlima wapate samaki wa kuvua na kupiga nao picha. Kihamba cha Bibi Theopista kiko chini ya nyumba hiyo. Bibi alikwenda ofisi ya kata kulalamika, akaambiwa awe na subira, na subira ile ilikausha mgomba mmoja baada ya mwingine.

"Video bandia!" alisema Emilian, karibu kwa furaha. "Wamenighushi! Huyu ni Wilbert."

Wilbert alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini na tamaa ya udiwani ambayo hakuificha. Na furaha ya Emilian ilikuwa na sababu. Mwezi uleule alikuwa amepeleka kwenye halmashauri rasimu ya sheria ndogo ya kudhibiti picha na sauti za viongozi zinazotengenezwa kwa akili mnemba. Rasimu ilimtishia faini na kifungo yeyote atakayetengeneza, kutuma au kusababisha kutumwa picha ya kughushi ya kiongozi, "kwa kujua au kwa kutokujua." Hayo maneno ya mwisho aliyachomeka Emilian mwenyewe, kwa sababu alimjua Wilbert: angekamatwa, angesema hakujua.

"Kwa hiyo utakana?" Hilaria aliuliza.

"Nitakana mbele ya kata nzima."

"Utalirudisha isale."

"Silirudishi! Sikulitoa!"

"Mweleze hivyo Bibi Theopista," Hilaria alisema na kufunga mkanda wa gari. "Mimi usinitume."

*

Jumatatu asubuhi Fabian, mtaalamu wa kompyuta wa halmashauri, alitoka kwake Rau akapanda mlimani kwa bodaboda, kompyuta ikiwa imebanwa kifuani kama mtoto mchanga. Ofisini walikuwa wawili wanamsubiri: Emilian, na mtendaji wa kata, Digna, mwanamke mpole ambaye upole wake uliwaogopesha watu kuliko ukali wa wenzake.

Fabian alifungua, akabofya, akapiga mluzi.

"Mheshimiwa, hii kitu imetengenezwa kiprofesheno. Si ya mtaani."

"Wilbert ana hela," alisema Emilian.

"Siyo Wilbert." Fabian alijikuna shingo. "Hii imetoka hapa."

"Hapa Lemboroni?"

"Hapa mezani, bosi. Imetoka kwa Diwani Kiganjani."

Nje kuku wa jirani aliendelea kufukua maua ya ofisi bila kuguswa na mgogoro.

Diwani Kiganjani ulikuwa mfumo wa akili mnemba wa kata, na ulianza kwa ajili ya misiba. Mlimani mwanasiasa anaweza kula kokoto za barabara akasamehewa, lakini asipoonekana mazikoni atakumbukwa hata na ambao hawajazaliwa. Tatizo ni kwamba mtu wa mlimani, afie Dar es Salaam, afie Mwanza, afie popote penye biashara, anarudishwa kuzikwa kihambani kwao. Diwani wa kuhudhuria mazishi yote angehitaji kuwa mapacha. Kwa hiyo mashine iliomboleza kwa niaba yake. Kila familia iliyofiwa ilipokea video: uso wa Emilian, sauti ya Emilian, jina la marehemu, na kumbukumbu moja ya kugusa moyo. Waliipiga kwenye spika kabla ya watu kugawiwa makande, na watu walilia. Wote waliamini kwamba diwani wao, pamoja na shughuli zake, alikaa chini akarekodi mwenyewe. Emilian hakumwambia mtu kwamba alirekodi. Hakumwambia mtu kwamba hakurekodi. Alinyamaza tu, na kura zikaingia.

Baadaye mfumo ukaongezewa kazi ya kujibu malalamiko.

"Uliipa mashine maelekezo," alisema Fabian, akisoma. "Yako hapa. 'Ongea kama mtoto wa nyumbani. Heshimu mila za kwetu. Usibishane na mtu mzima.' Sasa bibi kaleta malalamiko kwa sauti, kasema umeyageuza maji yakaingia kwenye mabwawa yako ya samaki na migomba inakufa. Mashine imeangalia. Mtu mzima haibishani naye. Mila inasema aliyekosa apeleke isale. Ikapeleka."

"Bila kuniuliza!"

"Ilikuuliza." Fabian aligeuza kompyuta. "Kila siku majibu yanakuja kwenye simu yako, wewe unakubali au unakataa. Haya ni ya Alhamisi. Umebonyeza 'Kubali zote.'"

"Alhamisi mchana nilikuwa nakula mtori," alisema Emilian, kana kwamba hilo lingemtoa mahakamani.

Digna alikuwa ameshafungua rasimu ya sheria ndogo. Aliisoma kwa sauti ya kutuliza, kama ya nesi anayetafuta mshipa. "'Atakayesababisha kutumwa, kwa kujua au kwa kutokujua.'"

"Nani aliandika hivyo?"

"Wewe, Mheshimiwa. Mimi nilishauri tuyatoe. Ukaniambia nina huruma na wahalifu."

Emilian alikaa. Aliona mbele yake milango miwili, na nyuma ya kila mlango palikuwa na hasara. Akikiri kwamba isale ni lake, maji yanarudi kwa Bibi Theopista, samaki wanabaki kwenye matope, na wageni wa mlima wanakwenda kulala kwa mshindani. Akikana, watamuuliza nani aliitengeneza, na jibu ni ofisi yake. Wataendelea kuuliza hiyo mashine ya ofisi imetengeneza nini kingine. Kisha watafika makaburini.

"Kuna njia ya tatu," alisema Fabian, mtu aliyependa kusaidia. "Tunaweza kuiambia mashine itengeneze video ya wewe kukanusha ile video. Hata kutoka nyumbani huna haja."

Emilian alilifikiria wazo hilo kwa muda mrefu kuliko heshima yake ilivyoruhusu.

"Mheshimiwa," Digna alimwita taratibu.

"Nakataa, nakataa. Nilikuwa natafakari tu." Alijifuta paji la uso. "Nitakana kwa mdomo wangu. Nitasema maadui wa maendeleo wametumia akili mnemba. Mashine yetu sitaitaja. Nani atauliza?"

Hakumaliza kusema hivyo, mlango ukagongwa. Alikuwa mzee Primus, kofia mkononi, na ujumbe: Bibi Theopista ameshaloweka ulezi. Msamaha wa isale haupokelewi mdomo mkavu. Jumamosi, siku ya kusafisha mfereji, atapanda mwenyewe hadi kwenye banio la maji, pale mfereji unapoanzia, na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na kata nzima imeshaalikwa kushuhudia.

"Anapanda kwa miguu?" Emilian aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anasema hiyo heshima uliyompa, hawezi kuipokea akiwa amekaa."

*

Jumamosi banio lilijaa watu. Kusafisha mfereji, ambao wazee wanauita mfongo, ni kazi ya kila nyumba: asiyekuja na jembe anatoa pombe, na asiyetoa pombe anasemwa mpaka anatamani angekuja na majembe mawili. Wilbert alikuwepo pia, ndani ya gambuti mpya ambazo bado zilikuwa na alama ya dukani, akitafuna muwa kwa utulivu wa mtu anayeangalia nyumba ya jirani ikiungua. Fabian alikuja na simu, arekodi kila neno kwa ajili ya kumbukumbu za serikali.

Emilian alivaa suti ileile ya bluu. Mfukoni alikuwa na hotuba ya kukana.

Bibi Theopista alifika wa mwisho. Alikuwa mdogo kama mwanafunzi wa darasa la tatu, kitenge kimefungwa vizuri, nyuma yake jirani amebeba kibuyu. Umati ulimpisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Emili. Mama Herieth hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Na samaki?"

"Hawajambo," alisema Emilian kabla hajajizuia, na mtu nyuma akacheka kwa pua.

Akakohoa. Akatoa karatasi. "Ndugu zangu wananchi. Dunia imeharibika. Siku hizi kuna watu waovu wanaotumia akili mnemba kutengeneza sura za viongozi na kuwalisha maneno..."

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema Bibi Theopista. Hakupaza sauti, lakini maji yenyewe yalionekana kupunguza kelele. "Mimi sijui mambo ya akili. Nimepanda huku kwa magoti haya kupokea isale. Niambie jambo moja tu. Unataka kulirudisha?"

Wilbert akaacha kutafuna. Emilian aliangalia nyuso za mbele yake, na katika kila uso aliona msiba mmoja ambao hakuhudhuria na video moja iliyohudhuria kwa niaba yake. Aliangalia juu kwenye kilele cha Kibo apate nguvu. Kibo alikuwa amejifunika mawingu, hataki kuitwa shahidi.

"Hapana, Bibi," alisema. "Silirudishi. Yule ni mimi. Ni mimi mwenyewe kabisa."

Na hivyo ndivyo mwanasiasa mmoja, mbele ya mashahidi wenye majembe, alivyoapa kwamba video bandia yake ni ya kweli. Digna alifumba macho. Fabian nusura adondoshe simu kwenye mfereji. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wa ng'ambo wakaitikia.

Bibi Theopista alisubiri viishe.

"Vizuri. Sasa nina swali dogo la mtu asiyesoma." Alitoa simu ndani ya kitenge, akamkabidhi Primus aiinue juu. "Jani lile ulilichuma wapi?"

"La... la kwetu pale, Bibi."

"Isale nalijua tangu nazaliwa. Isale halina meno. Hili lina meno pande zote kama msumeno. Primus, wewe unaona nini?"

Mzee Primus alisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akatoa hukumu. "Nanasi."

Umati ulilipuka.

"Emili," alisema Bibi, "umeniomba msamaha kwa nanasi?"

"Mlimani hapa nanasi halioti!" mtu alipiga kelele. "Kalipitisha mpaka wa Holili bila ushuru!"

"Muulizeni na tunda lake kalila nani!"

Emilian alitokwa na jasho la watu wawili, yeye na yule wa kwenye simu. "Bibi, nilikuwa na haraka. Sikuangalia vizuri."

"Haraka ni ya wote. Mimi sijasema sikusamehe. Nimesema niletee la kwetu. Ua wa masale si ule pale?"

Ua ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye banio, mpaka wa kihamba cha Primus. Diwani alikwenda, akachuma, akajaribu kulifunga. Fundo likafunguka. Akajaribu tena.

"Fundo la tai unalijua, hili limekushinda?" aliuliza Primus. "Pitisha chini, halafu vuta. Usinipotezee mpaka wangu."

Hatimaye alirudi, jani kwenye viganja viwili, akainama mbele ya kikongwe. Sasa ilibaki Bibi Theopista anyooshe mkono, mbege inywewe, yaishe. Hakuunyoosha.

"Usiinuke kwanza. Unajua mtu aliyeshika isale hadanganyi?"

"Najua, Bibi." Kila mtu Lemboroni anajua. Wanaamini ulimi wake utavimba ukajaa mdomo, na wapo wanaosema walishauona mmoja.

"Mume wangu Basili alipofariki, uliniletea pole kwenye simu. Wakaipiga kwenye spika. Ulisema hutasahau alivyokufundisha kupogoa kahawa ulipokuwa mdogo. Mimi nililia siku ile kuliko walipoteremsha sanduku. Alikuwa wewe?"

Emilian alifungua mdomo. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari, limevaa na limechana nywele. Alimtazama Fabian, na Fabian akatazama kamba za viatu vyake. Alimtazama Digna, na Digna akamtazama yeye, kwa upole ule. Jani lilikuwa la baridi mkononi, na kweli au si kweli, alihisi ulimi wake umeanza kuwa mzito.

"Hapana, Bibi."

"Alikuwa nani?"

"Mashine."

Mtu mmoja aliweka jembe lake chini taratibu, kama anayevua kofia.

"Nilijua kuna kitu," alisema Bibi Theopista. "Basili alikuwa fundi cherehani. Kahawa hakuijua hata kuinywa. Nilisema moyoni, huyu mtoto amedanganya. Lakini nililia, Emili, kwa sababu nilidhani umeacha kazi zako, ukakaa chini, ukamtungia mume wangu uongo mzuri. Mtu akikutungia uongo msibani kwako, amekuheshimu. Kumbe hata uongo wenyewe ulitungiwa."

Mheshimiwa Emilian alikuwa amesemwa na wakuu wa wilaya, na wapinzani, na kwa kiasi kikubwa na Hilaria. Hakuwahi kusemwa hivi. Hata Wilbert, aliyekuwa ameshika muwa wake tayari kwa ushindi, aliona haya kuula.

"Nimekosa, Bibi," alisema Emilian. Haikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

"Umekosa. Na umeniletea jani moja kwa makosa mawili." Bibi Theopista alilipokea lile jani, akaliweka vizuri kwenye mkunjo wa kitenge. "Hili ni la maji. Kachume la Basili."

Alikwenda akachuma la Basili. Safari hii fundo lilikubali mara ya kwanza. Alipoinuka akasikia sauti nyuma yake.

"Na la mama yangu, Mheshimiwa? Ile pole ya Pasaka?"

"Ile ya Pasaka nayo..." alisema Emilian, na akarudi kwenye ua.

"Na kaka yangu, aliyetoka Mwanza?"

"Na shangazi yetu?"

Waliunda foleni bila kuambiwa. Diwani alichuma, akafunga, akainama, akataja jina la marehemu, na pale asipolijua alilazimika kuuliza, na alipouliza aliambiwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani, mmoja mchoyo, mwingine mwimbaji, mwingine mlevi aliyependwa na mbwa wote wa kijiji. Hiyo mashine haikuwahi kuuliza. Ua wa mzee Primus ulikuwa unaota upara mbele ya macho yake, naye akawa anazunguka akilalamika kwamba kwa mwendo huu jirani yake atakuja kudai robo ya kihamba.

Mbege ilipozunguka na kurudi, Emilian alivua koti, akavua viatu, akaingia kwenye maji na kuanza kuvitoa viroba vyake mwenyewe kimoja kimoja. Vilikuwa vizito kuliko alivyokumbuka, kwa sababu siku ya kuviweka alilipa vijana. Kiroba cha mwisho kilipotoka, maji yalisita kama mgeni mlangoni, kisha yakapiga kona ya zamani na kuteremka kwa kasi kuelekea kwa Bibi Theopista. Hakuna aliyepiga makofi. Primus alimpa jembe.

"Matope ya upande huu bado," akamwambia. "Yamekusubiri tangu ulipochaguliwa."

Alilima matope hadi magotini, kisha hadi kwenye mapaja, suruali ya bluu ikageuka ya udongo. Fabian, kwa uzembe wa furaha na mabakuli mawili ya mbege, aliirusha video hiyo kwenye kundi la WhatsApp la kata, na kundi la kata lina midomo kuliko mfereji.

Jua halijageuka simu ya Emilian ikaita. Alikuwa Mama Gladys, mwenyekiti wa kamati ya halmashauri iliyokuwa inaishughulikia ile sheria ndogo.

"Emilian, pole sana mwenzangu. Nimeona walichokufanyia."

"Nani kanifanyia nini, Mheshimiwa?"

"Hiyo video ya matope. Tumeitazama hapa na wajumbe, imetengenezwa kishamba mno. Diwani mfongoni? Na jembe? Tumecheka sana, lakini jambo ni zito. Sheria yako Jumatatu inapita, na hii ndiyo tutakayoionyesha kama mfano wa uchafu tunaoukomesha."

"Mheshimiwa, yule ni mimi."

"Ndivyo hata yule wa kwenye video anavyosema."

"Ni mimi kweli! Niko kwenye matope sasa hivi, naongea na wewe!"

"Emilian, sauti siku hizi si ushahidi. Uliyetufundisha hilo ni wewe, ukurasa wa tatu wa rasimu. Nitajuaje kama ninaongea na diwani mwenyewe?"

Emilian alisimama katikati ya mfereji na kutazama huku na huku. Kitambulisho kilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limetandikwa chini ya kibuyu. Ukingoni, juu ya jiwe, alikaa Bibi Theopista, anayasikiliza maji yakishuka kwake. Aliifuta simu kwenye shati, akamnyooshea.

"Bibi, tafadhali. Kuna mheshimiwa hapa hataki kuamini kwamba mimi ni mimi."

Kikongwe aliishika simu mbali kidogo na sikio, kama mtu anayeonja chai ya moto. Akamsikiliza Mama Gladys hadi mwisho, bila kumkatiza. Akamwangalia Emilian, kuanzia kwenye matope hadi kwenye jembe.

"Ni yeye," alisema. "Angalia kwenye hiyo video anavyolishika jembe, mama. Mashine ingelishika vizuri."